Foleni ya Mashine ya Kusaga Yaingia Darasa la Kwanza

Penseli haikuwa ikifupika.

Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Fainesi Kabango, mwezi wa pili tangu binti yake aanze darasa la kwanza. Alikuwa akifua sare, akakuta penseli mfukoni, akaigeuzageuza. Ilikuwa ndefu vilevile kama siku aliyoinunua. Ncha aliichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na makovu ya kisu bado yalikuwa mapya.

"Nikafungua daftari," anasema Fainesi, kwa sauti ndogo inayomlazimu msikilizaji kusogeza sikio. "Ukurasa wa kwanza kulikuwa na herufi moja. Moja tu, tena imelala chali. Kurasa nyingine nyeupe kama sembe."

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kijijini Kalinde, wilayani Dedza, nchini Malawi. Baridi ya mwezi wa tano inang'ata masikio. Mahindi mapya yametoka mashambani, na mbele ya mashine ya kusaga mabeseni thelathini na manne yamekwisha pangwa mstari, kila moja limefunikwa kitambaa. Wenyewe wameketi pembeni wakiota moto wa magunzi.

Fainesi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, anapita kando ya mstari akiwa na fungu la vipande vya kitenge mkononi. Anafunga kimoja kwenye kila beseni. Mabeseni kumi na mawili ya kwanza yanapata vyekundu, yanayofuata vya njano, ya mwisho vya bluu. Hasemi na mtu.

"Fainesi, langu lilikuwa mbele ya la huyu!" anapaaza sauti mama mmoja kutoka penye moto.

Fainesi anageuka, anamtazama.

"Unanitazama nini sasa?" Fainesi anaendelea kumtazama. "Haya, lilikuwa nyuma. Jamani, huyu binti na macho yake!"

Wenzake wanaangua kicheko. Fainesi anainama, anafunga kitambaa kwenye beseni linalofuata.

Mwenye mashine, Bwana Biswick Phale, anasema kwamba kabla ya Fainesi aliajiri wanaume wawili kusimamia foleni, na wote walitoroka. "Mmoja alipigwa ungo wa uso. Wa pili alijibizana na wanawake mpaka sauti ikamkauka. Huyu ukimtukana anakutazama tu. Mtu anachoka kutukana peke yake."

Kwa kazi hiyo Fainesi hulipwa kwacha elfu arobaini na tano kwa mwezi, na kila Jumamosi hupewa ndoo ya pumba kwa ajili ya kuku wake. Anaishi na binti yake, Tiyanjane, mwenye miaka saba, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake.

Mashine ya Bwana Biswick ni ya dizeli. Ikisaga kwa saa mbili lazima ipumzishwe ipoe, na kila mzunguko una rangi yake. Siku dizeli ikiisha kabla ya zamu yako, unarudi nyumbani na mahindi yako, lakini unarudi na kitambaa pia. Kesho yake rangi iliyoishia nyuma ndiyo inayoanza. Hilo halina mjadala. Hata mke wa Bwana Biswick hulifuata.

Ni utaratibu huo, uliobuniwa kwa ajili ya dona na sembe na msichana aliyeishia darasa la nne, ambao leo unatumika kuwapanga watoto mia moja tisini na sita wa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kalinde. Na mwezi uliopita ulikaribia kufutwa.

Shule iko mwendo wa dakika tano kutoka mashineni. Chumba cha darasa la kwanza kilijengwa kwa ajili ya watoto sitini. Madawati hayamo, watoto hukaa sakafuni. Miaka mitatu iliyopita walikuwa mia moja na kumi, na wazazi walidhani huo ndio ukomo wa mambo.

Si kwamba wazazi walikaa mikono mifukoni. Walifyatua matofali kwa misimu miwili, wanaume na wanawake, wakayachoma. Matanuri mawili yamesimama nyuma ya vyoo tangu mwaka juzi yakisubiri saruji na mabati. Mvua ya kwanza iliyalamba, ya pili ikayamega, na sasa mbuzi hupanda juu yake kuota jua.

Baada ya kuiona penseli, Fainesi aliomba ruhusa mashineni, akaenda shuleni. Kuingia aliona haya. Alizunguka nyuma ya jengo, akachungulia dirishani.

"Mwalimu nilimwona kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto," anasema. "Karibu yangu kulikuwa na mtoto anabambua karanga. Wawili wamelala. Tiyanjane wangu alikuwa anamsuka nywele msichana wa mbele yake. Tena anasuka vizuri! Hapo ndipo nikajua kwa nini binti wa jirani anaondoka asubuhi na nywele timutimu, anarudi amependeza."

Watoto walikuwa wakikaa kwa jinsi wanavyofika. Wanaoishi karibu hufika mapema na kukaa mbele. Tiyanjane humsaidia mama yake kuteka maji kwanza, kisha huenda shule. Tangu siku ya kwanza alikuwa hajawahi kukaa mbele zaidi ya mstari wa tatu kutoka ukuta wa nyuma.

Mwalimu wao, Teleza Kanyimbi, hafichi ukweli wa siku zile. "Watoto mia moja tisini na sita, mwalimu mmoja. Nikisema nimsalimie kila mmoja kwa dakika moja, nikimaliza ni saa ya kwenda nyumbani. Nilikuwa nawajua ishirini wa mbele na watundu watano. Wengine walikuwa vichwa tu."

Mwaka jana zaidi ya theluthi moja ya watoto wa darasa hilo walirudia. Fainesi alijua maana yake. Yeye mwenyewe alilisoma darasa la kwanza mara mbili, na hakutaka binti yake aanze safari kwa mguu huo.

Alichokiona hakumwambia mtu isipokuwa Dailesi, rafiki yake tangu utotoni, anayeuza mandazi kando ya mashine. Dailesi ana mdomo wa watu watatu.

"Fainesi anawaza, mimi napiga kelele," anasema Dailesi huku akigeuza mandazi kwenye mafuta. "Tumegawana kazi hivyo tangu tuna meno ya utoto. Siku hiyo alikuwa anapanga mabeseni, mara akasema, 'Hawa watoto wangekuwa mahindi, wa nyuma wangekuwa wameshasagwa.' Nikamwambia, shoga, rudia hapo! Akakataa kurudia. Basi nikarudia mimi. Nikarudia kwa kijiji kizima."

Kabla jua halijatua, akina mama wote wa Kalinde walikuwa wameambiwa kwamba watoto watapangwa kama mashineni. Nao wakafanya kama wanavyofanya mashineni. Mtu akitaka nafasi, anapeleka chombo.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Teleza alikuta foleni ya vyombo imeanzia mlango wa darasa mpaka kwenye nguzo ya goli. Kulikuwa na sahani, mabeseni, vifuniko vya sufuria, kata ya kibuyu, na tofali moja lililovalishwa soksi. Mbele kabisa kulikuwa na sahani kumi na moja zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani, na pembeni yake Bibi Nasiwelo ameketi juu ya kigoda, amejifunika blanketi, analinda.

Kwa desturi ya mashineni, mwanamke anaruhusiwa kuwekea nafasi watu wa ukoo wake. Bibi Nasiwelo ana wajukuu kumi na mmoja darasa la kwanza.

"Bibi, hii ni shule," Mwalimu Teleza alimwambia.

"Najua ni shule, mwanangu. Kwani umeniona na mahindi?"

"Sasa sahani hizi za nini?"

"Hii ya mume wangu, hii ya mume wangu mdogo, hii ya yule mke mwenzangu mkorofi..." Bibi akawataja wajukuu wote kwa utani wake wa kila siku, mpaka wa kumi na moja.

Siku hiyo mstari wa mbele ulikuwa ukoo mmoja, na ukoo huo una vichekesho vyake. Mmoja akikohoa, kumi wanacheka. Kuku waliingia darasani kudonoa makombo ya nsima, ugali wa huku, kwenye sahani ambazo hazikuoshwa. Saa ya kutoka, sahani saba hazikuonekana, na wanawake wawili walishikana mashati wakigombea bakuli la bati lenye maua mekundu.

"Siku hiyo sikufundisha herufi," anakumbuka Mwalimu Teleza. "Nilifundisha sahani."

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Zakeyo Makwinja, ambaye ni fundi seremala na nyumba yake inapakana na uwanja wa shule, alikuja na toroli akakusanya vyombo vyote na kuvirundika chini ya mlingoti wa bendera. Fainesi alisikia habari hizo mashineni, mbele ya watu.

"Nilitaka nijifukie kwenye pumba," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka, mkono ukiwa mdomoni.

Lakini kesho yake alirudi shuleni. Safari hii aliingia mlangoni.

"Alisimama mbele yangu labda dakika tano," anasimulia Mwalimu Teleza. "Nikamuuliza, mama Tiyanjane, una shida gani? Akafungua fundo la kitenge, akamwaga vipande vya nguo mezani. Akajifunga kimoja mkononi. Akaenda mpaka ukutani, akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akatembea mpaka mbele kabisa, akakaa tena. Akanitazama. Nikaelewa yote. Sijawahi kuona mtu akihutubia vizuri hivyo."

Akina mama walichangia vitenge vyao vikuukuu, vikachanwa. Vilipokelewa vya kila namna, isipokuwa vyenye picha za wanasiasa, ambavyo mwalimu mkuu alivirudisha kwa upole. Ikapatikana mistari kumi, kila mmoja na watoto wasiozidi ishirini, ukiitwa kwa mchoro wa kitenge chake: Samaki, Taa, Ndizi, Tausi, na kuendelea. Tiyanjane akaangukia Samaki. Wajukuu wa Bibi Nasiwelo wakatawanywa katika mistari yote.

"Mmenivunjia ukoo," bibi alilalamika. "Mume wangu mmempa Samaki, na mimi mwenye mume sijaulizwa!"

Tangu hapo, kila siku saa moja na nusu asubuhi, mstari uliokaa nyuma jana unainuka na kutembea kwenda mbele, na mistari mingine yote inarudi nyuma hatua moja. Watoto wenyewe wametunga wimbo wa safari hiyo, "Tupisheni, tumefika, sisi ndio wa leo," na huuimba kwa nguvu kiasi kwamba akina mama waliopo mashineni hujua saa kwa wimbo huo.

Wanaokaa mbele husema majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti. Kisha hukabidhi madaftari. Ni madaftari ishirini, na ishirini mtu mmoja anaweza kuyasahihisha. Katika wiki mbili za masomo, hakuna daftari ambalo mwalimu hajaliona.

Nyuma, kwenye mistari miwili ya mwisho, huketi akina mama wawili kwa zamu. Wengi wao hawajui kusoma. Wanakuja na utani wao na watoto wao wachanga, lakini wanajua wanachokifuata.

"Kazi yetu ni kuangalia mkono unatembea," anasema Dailesi, ambaye zamu yake ni Alhamisi. "Mkono ukisimama, namwambia mtoto, wee, mbona umepaki? Basi unatembea."

Kufikia mwezi wa pili wa mwaka huu, Tiyanjane alikuwa anaandika jina lake lote. Aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, akaliandika kwenye kibuyu cha togwa, akaliandika kwa kidole kwenye unga mashineni, juu ya beseni la mtu. Mwenye beseni alikuja juu. Fainesi alimtazama tu.

Kisha ikaja Aprili, na malalamiko ya Bwana Makwinja.

Mjukuu wake, Wisikesi, alikuwa amekaa mbele kila siku tangu shule ifunguliwe. Chini ya utaratibu mpya alirudi nyuma kama wengine, na madaftari yake yalianza kuja nyumbani yamejaa makosa. Mwenyekiti aliusimamisha utaratibu mpaka wazazi wakutane. Kwa wiki mbili watoto wakarudi kukaa kwa jinsi wanavyofika, na Tiyanjane akarudi ukutani. Mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa umebaki miezi mitatu.

"Siku ya nne akaja nyumbani, nikamuuliza leo mmesoma nini," anasema Fainesi. "Akaniambia, mama, kuna msuko mpya. Sikulala vizuri."

Mkutano ulifanyika Jumamosi, ndani ya darasa lenyewe, wazazi wakiwa wameketi sakafuni kama wanavyoketi watoto wao. Fainesi alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lile alilowahi kuchungulia.

Bwana Makwinja alisimama na kusema maneno ambayo wengi waliona yana uzito. "Mjukuu wangu anaamka jogoo la kwanza. Ananawa, anavaa viatu, anawahi. Leo mnaniambia akae nyuma ya mtoto anayekuja saa mbili anapiga miayo? Anayetaka mbele, aamke!"

"Bwana Mwenyekiti," Dailesi alidakia, "nyumba yako na shule vimegusana mgongo. Wisikesi akipiga chafya kitandani, darasani wanamwambia pole. Kuna watoto hapa wanavuka mito miwili."

Watu walicheka, na Bwana Makwinja akangoja wamalize.

"Chekeni. Lakini hii ni shule, si mashine ya kusaga. Na niulize: tangu lini mtu aliyeishia darasa la nne akampangia mwalimu darasa?"

Kicheko kilikatika. Vichwa viligeuka nyuma. Fainesi alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Mwalimu Teleza ndiye aliyeinuka. Alichukua rejista ya darasa mezani, akamkabidhi mwenyekiti mkononi. "Ishike wewe, mzee wangu. Mimi sitaiangalia." Kisha akatoka mlangoni na kuwaita watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakicheza uwanjani. Waliingia sabini na mmoja, hawana vitambaa, wamechafuka vumbi.

Akaanza kuwataja.

Alimtaja wa kwanza, jina lake na la baba yake, akasema anaandika kwa mkono wa kushoto. Alimtaja wa pili, akasema anaiogopa namba sita. Huyu anapenda kusoma akiwa amesimama. Huyu amejua herufi zote isipokuwa mbili, na mbili hizo atazijua wiki ijayo. Huyu ni Tiyanjane Kabango, ameandika jina lake kwenye daftari langu la maandalizi, sijui aliingiaje.

Wazazi walianza kuhesabu kwa pamoja, kama watu wanaoangalia mtu akiruka kamba. Kumi. Ishirini. Arobaini. Bwana Makwinja alikuwa akifuata kwa kidole kwenye rejista, miwani ikimteleza puani.

Alipofika kwa Wisikesi, mwalimu alimshika bega.

"Wisikesi Makwinja. Ana akili nyingi. Ila macho yake hayaoni mbali. Alipokaa mbele sikuweza kujua, na yeye mwenyewe hakujua. Nimelijua siku aliporudi mstari wa sita, akaanza kunakili kutoka kwa jirani yake. Nimekuandikia barua mbili, Bwana Mwenyekiti, apelekwe kupimwa."

"Barua?" Bwana Makwinja alishusha rejista. "Zile mbili... nilidhani ni za michango. Sikuzifungua."

Darasa zima lililipuka. Mwenyekiti mwenyewe, baada ya kupambana na midomo yake, alicheka mpaka akaketi.

Mwalimu aliwataja sitini na wanane. Watatu walimshinda, akawaomba radhi, mmoja baada ya mwingine.

"Usijali, mwanangu," Bibi Nasiwelo alimwambia kutoka pembeni. "Mimi wa kwangu ni kumi na mmoja tu na bado nawachanganya."

Ilipofika kunyoosha mikono, ilinyooka karibu yote. Wa Bwana Makwinja ulipanda mwisho, nusu nusu.

"Msiuhesabu huu," alisema. "Najikuna."

Ulihesabiwa. Jumatatu iliyofuata Samaki walitoka ukutani wakaenda mbele wakiimba, na wiki hiyohiyo Wisikesi alipelekwa hospitali ya wilaya. Sasa anavaa miwani iliyofungwa kamba nyuma, na huwaazima wenzake kwa zamu, jambo ambalo mwalimu bado analipiga marufuku bila mafanikio.

Fainesi hakusema neno lolote siku ya mkutano. Lakini kazi imemwongezekea. Septemba darasa la pili litakuwa na watoto wanaokaribia mia mbili na arobaini, na mwalimu wake ameshakuja mashineni kuomba vitambaa. Akina mama wamekubaliana kuleta vitenge mwezi wa saba, baada ya shule kufungwa.

Yeye ana mpango wake mwingine. Kila Jumapili mchana, tangu mwezi uliopita, yeye na akina mama wanane huenda nyuma ya vyoo kuyachambua matofali yaliyosalimika na kuyafunika kwa nyasi. Bwana Makwinja ameahidi kutengeneza milango na madirisha bila malipo, ila amewaonya wasimhimize.

"Vitambaa vimetusaidia kugawana udogo wa chumba," anasema Fainesi. "Chumba bado ni kilekile. Mimi ninachotaka ni siku mwalimu aangalie darasa aone watoto arobaini, aniambie, mama Tiyanjane, chukua vitambaa vyako, ukafungie mabeseni."

Jumanne wiki hii Tiyanjane aliamka na homa. Fainesi alimpitisha zahanati, akapewa dawa, akaja naye mashineni na kumlaza juu ya magunia karibu na ukuta wenye joto.

Ilipofika saa nne mashine ilikuwa imezimwa ipoe. Wasichana wawili wenye vitambaa vya Samaki mikononi walikuja mbio, wakasimama mbele ya foleni ya mabeseni, wanahema.

"Mwalimu anauliza, Tiyanjane yuko wapi?"

Fainesi alikuwa ameinua beseni. Alibaki nalo hewani.

"Wewe, unaulizwa!" Dailesi alimwambia kutoka kwenye mandazi yake.

Fainesi aliliweka beseni chini taratibu. Aliwaambia wasichana kwamba ana homa, amekunywa dawa, Alhamisi atakuja. Wakageuka na kukimbia na jibu lao. Yeye alibaki akiwatazama mpaka walipoingia uwanja wa shule, na alipogeuka mashavu yalikuwa yamelowa.

"Sasa hiki kilio cha nini?" Dailesi alishangaa. "Si homa tu, shoga yangu? Keshokutwa utamwona anaruka."

Kijiji kizima, Dailesi akiwemo, kinajua kwamba Fainesi aliacha shule kwa sababu ya haya zake. Ndivyo ilivyosemwa miaka yote, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Jumanne hiyo alisema kwa sauti iliyowafikia wanawake wote waliokuwa wakingoja kusaga.

"Sikuacha shule, Dailesi. Nilibaki nyumbani siku moja nione kama kuna mtu atauliza niko wapi. Kisha ya pili. Nilikaa mlangoni wiki tatu, nimevaa sare."